Mwongozaji Aliyejua Migongo

Kwa miaka kumi na tisa Kisogo aliimba na kucheza katika michezo ya nyimbo, na miaka yote hiyo alisimama mstari wa nyuma. Sauti alikuwa nayo, tena nzuri. Kosa lake urefu tu, na mtu mrefu hawekwi mbele. Basi akajifunza nafasi za wenzake wote kwa kuwatazama migongo, jina nalo likamganda.

Mwongozaji wa zamani alipostaafu, kikundi kikampa Kisogo kazi, kwa sharti moja: mchezo wake wa kwanza ukiharibika, anampisha mwalimu wa kwaya. Kisogo akaipokea kwa mikono miwili.

Mwezi mzima aliongoza mazoezi akiwa amekalia kreti nyuma ya jukwaa, palepale alipozoea. Warefu akawapanga mbele na wafupi nyuma, ili awaone wote vizuri. Mkewe, fundi cherehani wa kikundi, akaagizwa atie maua na vifungo vya kung'aa mgongoni mwa mavazi.

"Na mbele je, baba watoto?"

"Mbele kitambaa tu kinatosha."

Nyani haoni kundule. Huyu wetu aliyaona ya wenzake wote, akaridhika.

Zikiwa zimebaki siku mbili, mkewe alimshika mkono, akamshusha ukumbini na kumkalisha mstari wa tatu. "Hebu tazama mchezo wako."

Kisogo akatazama, jasho likamtoka. Mbele yake palikuwa na ukuta wa wanaume warefu waliovaa kama magunia. Mwimbaji mkuu, mama mmoja mfupi, alisikika lakini hakuonekana hata unywele.

"Wapisheni mama apite mbele," akasema.

Mama akaja mbele, akaimba wimbo wa kuaga, ule unaofunga michezo yao yote. Mabega yakamtikisika kama kila mwaka. Kisogo siku zote alidhani mama anacheka, naye kule nyuma alikuwa akimsindikiza kwa kicheko. Leo akaona machozi yanamtiririka mashavuni.

"Kumbe analia," akamnong'oneza mkewe.

"Miaka yote analia. Na huku chini ukumbi mzima unalia. Tulikuwa tunashangaa tu, lile refu kule nyuma linacheka nini."

Kisogo aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Maua yakahamishiwa kifuani, warefu wakarudishwa nyuma, na siku ya mchezo mwalimu wa kwaya mwenyewe aliomba leso. Kazi ikabaki kwa Kisogo. Siku hiyo alikuwa amekaa mstari wa tatu, akiililia miaka kumi na tisa aliyoicheka.