Uso wa Buluu Quitunda

Nilivuka mpaka kwenda Palma kwa sababu ya picha moja. Bakari, niliyemfundisha uchoraji hapa Mtwara, alikuwa amemchora dada yake mkubwa, Somoe, uso wote wa buluu, na tangu siku alipomwonyesha, dada mtu hakusema naye tena. Bakari akaniandikia niende nikamweleze dada yake maana ya picha. Sikusita. Miaka mingi nimefundisha mtindo wa wachoraji wasiofuata rangi ya ngozi, wanaoitoa rangi moyoni mwa mtu, na niliamini hakuna picha ya namna hiyo nisiyoweza kuisoma.

Saa moja asubuhi nilikuwa Kilambo, mpakani, na kabla ya saa tatu nimekwisha kuuvuka mto Ruvuma. Gari lilipita Quionga, minazi kushoto na kulia. Jirani yangu, mama muuza samaki wakavu, alitaka kujua kama nami nafuata kazi za gesi. Nikamjibu naenda kutazama picha. Alinionea huruma, nadhani, maana alinimegea muhogo wake.

Palma, baada ya adhuhuri, Bakari alinipokea akiwa amekonda. Alinisimulia kwamba Somoe ndiye aliyemlea yeye baada ya mama yao kufariki, na kwamba nyumba waliyokulia ilibomolewa kupisha mradi wa gesi. Nikajiambia kazi imekwisha kabla sijafika: buluu ile ni msiba wa nyumba.

Quitunda, kijiji walikohamishiwa, ni safu za nyumba za matofali, zinafanana kiasi kwamba Bakari mwenyewe alihesabu milango. Somoe alinikaribisha vizuri, akanipa maji, akanitandikia mkeka. Bakari alimpita kama hamwoni. Picha ilikuwa imeelekezwa ukutani, Bakari akaigeuza. Ilikuwa kazi nzuri kweli: uso mrefu, buluu iliyokolea, macho yamefumbwa, na nyuma yake manjano iliyofifia kama moshi wa kuni mbichi.

Somoe alisema hivyo hasa ndivyo alivyomwona mama yao siku ya kumwosha. Nikamweleza, kwa uhakika wote wa mwalimu, kuwa yale si macho ya maiti, ni ya mtu anayejitazama ndani, na buluu ni majonzi yake ya kuhamishwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, mimi nililia siku moja tu," akasema. "Nyumba hii haivuji, shamba nimepanda. Huzuni unayoisema naiona hapo, lakini si yangu."

Nikamgeukia Bakari. Alikuwa ameinama. Alisema, kwa sauti ndogo, kwamba kila alipojaribu kuuchora uso wake mwenyewe mkono ulikataa.

"Ungeniambia," Somoe akamjibu. "Mbona huzuni yako umenivika mimi?"

Akasogea mkekani, akampa nafasi. Bakari akakaa, na hapo ndipo alipolia. Dada yake hakumbembeleza. Alimwekea tu mkono mgongoni mpaka alipomaliza.

Asubuhi iliyofuata, kabla sijaondoka, Somoe aliitundika picha sebuleni kwa sharti moja: jina la picha libadilishwe. Bakari akaandika nyuma yake, kama alivyoambiwa, "Mdogo Wangu."

Nilirudi Mtwara siku hiyo hiyo. Rangi niliisoma sawasawa; nilichokosea ni mwenye huzuni hiyo. Sasa mwanafunzi akiniambia uso fulani una huzuni, sibishani naye. Namuuliza ni huzuni ya nani.