Stima ya Ijumaa Alasiri

Bathsheba wa Nyacheki alikuwa mtu wa kuuliza. Angekuuliza kwa nini ng'ombe wako ana pembe moja, na ukimjibu, angetaka kujua ile ya pili ilienda wapi. Basi fikiria mateso yake: kisiagi chake, kilichowasagia mahindi watu wa kijiji kizima, kiligoma kila Ijumaa alasiri, wala hakuna aliyejua sababu.

Jumatatu kilisaga. Jumatano kilisaga mpaka wateja wakatoka na nyusi nyeupe. Ijumaa, jua likianza kuinama, mota ilinguruma tu, mkanda haugeuki, kisha harufu ya kuungua ikaanza. Bathsheba aliruka kuizima. Ilikuwa imeshaungua mara moja, na fundi aliyeifunga waya upya alimwambia wazi kwamba ikiungua tena ni ya kutupwa. Mume alishakufa, na shamba lake la chai ni mistari michache tu. Mota ikifa, riziki nayo imekwisha. Aliogopa, wala hakuficha.

Redioni alisikia kwamba stima ya nchi hubanwa jioni, watu wote wanapowasha kwa pamoja, na kwamba nyingine hununuliwa Ethiopia. Hilo alilielewa: kisima kimoja, ndoo nyingi. Lakini taifa huwasha kila jioni. Kwa nini hapa iwe Ijumaa, tena jua lingali juu?

Ni Anyona, aliamua, yule mchomeleaji wa mageti. Ijumaa moja, wateja wamepanga madebe mlangoni na Sabato inakaribia kuingia, alifunga leso kiunoni akaenda kumkabili.

"Bwairire, Anyona," alimsalimu. "Wewe ndiye unanimalizia stima?"

Anyona alikuwa ameketi kando ya geti ambalo hajalimaliza, miwani imepandishwa kwenye paji la uso. "Mimi, Mama Valentine? Mashine yangu haitoi hata cheche. Nilikuwa nakuja kwako, maana kila mtu anajua kisiagi chako ndicho kinakula stima yote."

Wakatazamana, kisha wakacheka. Kumbe walikuwa wamenuniana bure.

Alirudi polepole, safari hii akichungulia milango ya watu bila haya. Nyumba ya kwanza, mama anapiga pasi mashati ya watoto. Ya pili, pasi. Kwa jirani yake Ombati, mzee mwenyewe ameinamia suruali ya kanisa. Kwa kinyozi, foleni. Bathsheba akasimama njiani, mkono mdomoni. Ijumaa ni siku ya maandalizi. Jua likishazama hakuna kazi tena. Kijiji kizima cha Wasabato kilikuwa kikijinyoa na kunyoosha nguo saa ileile, kwa transfoma moja, kisha kinashangaa stima imekuwa hafifu!

Alifurahi mno kuligundua jambo hilo, na furaha hiyo ikamfikisha hadi mlangoni kwake. Ndani alimkuta Phanice, mke wa mwanawe, na wanakwaya wawili. Pasi tatu zilikuwa kwenye waya uleule wa kisiagi, na sare za kina mama wa Dorkas, kile chama cha kanisa, zimejaa kitanda kizima.

"Phanice! Haya ni nini?"

"Mama, si ni wewe uliwaambia walete? Ulisema hapa stima ni ya nguvu."

Ni kweli, alisema, tena kwa majivuno. Kikulacho ki nguoni mwako, na Bathsheba alikuwa akikikaribisha kila Ijumaa.

Nje, watu walisimama na madebe yao wakitazama jua. Bathsheba akachomoa pasi zote, hata ile iliyokuwa juu ya gauni lake mwenyewe, akakimbia kuwasha mota. Ilisita. Moyo wake nao ukasita. Kisha mkanda ukageuka, na unga ukaanza kumwagika.

Kesho yake aliketi kiti cha mbele kanisani, gauni upande mmoja limenyooka, upande wa pili limekunjamana. Mke wa Ombati akamnong'oneza, "Mama Valentine, kwani jana hukupata stima?"

"Niliipata," alisema Bathsheba. "Ndiyo ile mliyokula na ugali jana jioni. Wiki ijayo tupige pasi Alhamisi."