Ziwa la pacha aliyefariki: nilivyorudisha maziwa kwa pampu, na kilichobaki nyumbani

Wakuu, shikamooni mlionizidi umri, na wengine wote salama zenu.

Mimi ni wa kusoma na kupita. Leo naandika kwa sababu nimeona nyuzi nyingi za wadada wanaouliza namna ya kuongeza maziwa kwa pampu, na majibu ni yale yale, kunywa uji na punguza stress. Uji ni mzuri. Mimi uji niliunywa mpaka nikauchukia.

Majina nimebadilisha, mengine ni kama yalivyotokea. Humu ndani kuna mwanangu aliyekufa, siwezi kumtumia kutafutia likes.

Wauza dawa za kuongeza maziwa, inbox yangu nimeifunga. Msihangaike.

Ni ndefu kidogo. Wenye haraka wapite tu, sitanuna.

Kwetu ni Singida. Nilikuja huku Nyamongo kumfuata dada yangu aliyekuwa na banda la chakula, enzi ambazo kila mtu kule kwetu alikuwa anasema Tarime kuna dhahabu. Dhahabu sikuiona. Nilimuona Mwita.

Mwita ni Mkurya wa hapa Kerende, anashuka maduarani, yale mashimo ya dhahabu, na wachimbaji wenzake. Tulioana, akanipeleka kwa mama yake. Tunakaa boma moja, sisi nyumba yetu na mama nyumba yake, zizi liko katikati.

Mama mkwe wangu ni mtu wa maneno machache. Asiyemjua anaweza kudhani amemkasirikia. Lakini nilipokuwa na mimba alinikataza hata kuinua ndoo ya maji, na hapo nilishasikia ya wakwe za wenzangu, nikajiona nimebahatika.

Nikajifungua mapacha. Wa kiume tukamwita Marwa, wa kike tukamwita Bhoke.

Siku tuliyotoka kujifungua, mama aliingia chumbani, akawapokea wote wawili, akakaa. Akaninyooshea kidole kifuani, ziwa moja moja. "Hii ya kulia ni ya Marwa. Hii ya kushoto ni ya Bhoke. Usichanganye."

Nikauliza kwa nini. Akasema, "Wasigombane."

Sikuona ubaya wowote. Tena ilinisaidia, maana sikuwa nahangaika kukumbuka nani amenyonya wapi. Marwa kulia, Bhoke kushoto. Maziwa yalikuwepo ya kutosha, nguo zangu zilikuwa zinalowa hata mtoto wa jirani akilia.

Mama ndiye aliyekuwa anawaogesha. Kila asubuhi, maji ya uvuguvugu kwenye beseni, halafu anawapaka mafuta na kuwanyoosha mikono na miguu. Alikuwa anawaimbia Kikurya. Sikuwa naelewa maneno, ila nilikuwa natulia mwenyewe.

Marwa aliumwa akiwa na miezi mitatu. Asubuhi alikataa kunyonya, mchana akawa anapumua kwa shida. Tukapanda bodaboda, mimi nimembeba, Mwita yuko nyuma yetu na pikipiki nyingine. Tulifika hospitali, wakatupokea bila kutuchelewesha, lakini alikuwa ameshachoka. Hakufika jioni.

Sitaeleza zaidi hapo. Nimejaribu nikafuta.

Baada ya kuzika, akaja shangazi yake Mwita pamoja na mama. Wakanifunga ziwa la kulia kwa kipande cha kanga, kwa nguvu, kimezunguka mpaka mgongoni. Shangazi akasema, "Hiyo sasa ni ya marehemu. Iache ikauke. Bhoke asinyonye hapo, mwenzake atamwita."

Wakuu, naomba hapa mnielewe. Sisemi ni mila ya Wakurya wote. Majirani zangu hapa hapa Kerende, Wakurya kabisa, wengine waliniambia kwao hawana hilo jambo. Ni la ukoo huu. Na mimi sikubishana hata kidogo. Nilikuwa nimemzika mtoto, mngeniambia nisikanyage kivuli changu nisingekanyaga.

Ziwa likajaa, likawa gumu kama jiwe, likaniuma mpaka nikapata homa. Halafu likaanza kulegea. Siku nilipofungua kanga nikalikuta limesinyaa, nililia upya. Niliona kama Marwa ameondoka mara ya pili.

Tatizo ni kwamba la kushoto nalo lilipungua. Nilikuwa sili, silali. Bhoke ananyonya kidogo, anaachia, analia. Anashika tena, anaachia. Nilikuwa nampa upande ule ule kila mara, chuchu ikachanika, nikawa nauma meno akishika.

Mama akaanza kumpa maziwa ya ng'ombe yaliyochanganywa na maji. Kwa nia njema kabisa. Hapa kwetu ng'ombe wapo, mtoto akilia unaendaje dukani? Bhoke akaanza kuharisha. Yale mapaja yenye mikunjo yakaanza kupwaya ngozi.

Nilikuwa namtazama akiwa amelala, naona sura ya Marwa ile siku ya mwisho. Nikajua huyu naye anaondoka.

Nikaenda kliniki. Nesi aliyenipokea ni mama wa makamo, mkali, wa kutoka mbali kama mimi. Alimpima Bhoke, akakunja uso, akaniambia nimnyonyeshe mbele yake. Nikatoa la kushoto. Alipomaliza akasema, "Sasa upande wa pili." Nikavuta kanga nikafunika kifua.

Akauliza, "Una kidonda?"

Nikamweleza. Nilitegemea atanifokea. Hakunifokea, alivuta kiti akakaa karibu yangu. Halafu akasema, "Mama, wewe huna tatizo la maziwa. Umefunga nusu ya duka."

Akataka nimweke Bhoke pale kulia, hapo hapo. Wakuu, sikuweza. Mkono ulikataa. Nilimwambia ukweli kwamba naogopa. Sikuwa namuogopa mama mkwe tu, mimi mwenyewe nilikuwa naogopa.

Ndipo nikamuuliza, "Nikiyakamua halafu nikampa kwa kikombe, si hajaligusa?"

Akanitazama. "Maziwa hayajui yametoka upande gani. Kamua."

Basi akanifundisha, na hiki ndicho wengi mnachokitafuta. Ukishamnyonyesha mtoto, hata kama unahisi hakuna kitu, unakamua pande zote mbili. Kila akinyonya, unakamua. Halafu mara moja kwa siku unatenga kama saa nzima, unakamua, unapumzika kidogo, unakamua tena, unapumzika, unakamua tena. Hata kama kinachotoka ni hewa. Alisema mwili unaletewa maombi, ukisikia maombi mara nyingi unaanza kuleta. Kabla ya kuanza unaweka kitambaa cha moto na kukanda kuanzia juu kuja kwenye chuchu. Pampu unaichemsha kila ukimaliza. Na yale maziwa ya ng'ombe na maji akayapiga marufuku. Kwa kile kipindi ambacho yangu hayatoshi, akanielekeza maziwa ya kopo ya watoto ya kumuongezea na namna ya kuyakoroga, na nimrudishe Bhoke kupimwa mara kwa mara.

Mwita alininunulia pampu ya mkono mjini Tarime. Hakuuliza maswali. Nilimwambia ni ya kuongeza maziwa, akaondoka, akarudi nayo.

La kushoto nilikuwa nakamua hadharani. La kulia nilikuwa nakamua nikiwa nimejifungia chumbani, kanga imefunika kifua, redio nimefungulia ili ule mlio wa pampu usisikike.

Wadada, msidanganyane kwamba unapampu leo kesho chupa inajaa. Upande wa kulia siku nyingi za mwanzo haukutoa kitu. Nakamua hewa. Mkono unauma mpaka kwenye bega, natazama chupa kavu, nafikiria, hivi namkamulia nani? Kuna siku nilikuwa naongea na Marwa. Nilimwambia, mwanangu, mwachie mdogo wako, wewe huna kazi nayo tena. Mnicheke tu.

Halafu siku moja likatoka tone. Jeupe, limening'inia pale, halidondoki. Nikalitazama nikaogopa kuliko nilivyofurahi.

Baadaye yakawa ya kufunika kitako cha chupa. Baadaye kijiko. La kushoto nalo likaamka lenyewe, Bhoke akawa anameza mpaka unamsikia. Yale ya kulia nikawa nampa kwa kikombe kidogo, mama akiuliza namwambia nimekamua kushoto. Anaitikia kwa kichwa, anaendelea na kazi zake.

Kuharisha kukakoma. Kliniki uzito ukapanda. Nesi akanipiga begani akasema sasa kopo tupunguze. Nilirudi nyumbani natembea na kucheka peke yangu njia nzima, watu wa mgodini wakadhani nimepata mawe ya dhahabu.

Mapaja yalirudi na mikunjo yake. Mama akamwogesha siku moja akacheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Wiki ile ile akanifumania.

Ulikuwa mchana. Betri za redio ziliisha nikiwa katikati ya kukamua, mama akasikia mlio, akasukuma mlango. Nilikuwa sijabana komeo vizuri. Pampu iko kulia, chupa ina maziwa karibu nusu.

Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele. Alisimama akaangalia chupa, akaangalia kifua changu, akakaa chini sakafuni pale pale.

Mwita alikuwa nje, akaingia. Akaona. Na yeye ndiyo kwanza alikuwa anajua siku hiyo. Nikasema harakaharaka, hajanyonya, ni kwa kikombe, nesi ndiye aliyeniambia.

Mama akaendelea kuitazama chupa.

Mwita akasema, "Mama, lakini mtoto amenenepa. Si unaona mwenyewe?"

Mama akamjibu bila kumtazama. "Hata Chacha alinenepa."

Mwita akauliza, Chacha gani?

Hapo ndipo tuliposikia. Kabla ya Mwita, mama alizaa mapacha. Mmoja akafa. Mama alikuwa msichana bado, maziwa yanamuuma, mtoto aliyebaki, ndiye huyo Chacha, analia njaa, akampa ziwa la marehemu kwa siri. Mtoto akanenepa, kila mtu akamsifia. Halafu akaumwa kidogo tu, akafa. Shangazi mtu akamwambia ni wewe. Hajawahi kulisema kwa mtoto wake yeyote. Mwita alikuwa na kaka wawili na alikuwa hajui.

Akamaliza kusema, akainuka, akaegemea mlango. Akaniambia, "Mama Marwa, mimi nilikuambia usichanganye."

Kesho yake asubuhi nikasubiri beseni. Hakuja. Nikamwogesha mwenyewe.

Tangu siku ile mama hajambeba Bhoke. Hajamwogesha, hajamwita jina. Chakula ananiletea, kuni ananigawia, nikiumwa anakuja kunisimamia. Ila mtoto hamgusi.

Mimi niliendelea kukamua. Kusema kweli baadaye nilimweka Bhoke pale kulia moja kwa moja, nilishachoka kuogopa nusu nusu. Alinyonya kama hajawahi kunyimwa.

Sasa hivi ana mwaka na zaidi, anatembea. Hatua zake za kwanza alizipiga kumfuata bibi yake aliyekuwa amekaa kwenye kigoda akipepeta ulezi. Alienda ananyoosha mikono, anaguna kwa furaha. Mama akainuka, akaenda zizini. Bhoke akabaki amesimama anashangaa kigoda, halafu akakaa chini.

Najua wapo watakaokuja hapa na mila potofu, sijui mchawi, sijui hama hapo. Naomba msimtukane mama mkwe wangu. Mimi nimezika mmoja na bado nina akili nusu. Yeye alizika wawili akaambiwa wa pili amemuua kwa mikono yake.

Na mimi si shujaa. Bhoke akipata joto kidogo tu, kabla sijamshika paji la uso, mkono wangu unaenda kwanza kwenye ziwa la kulia. Hilo sijamwambia hata Mwita.

Nililojifunza: pampu inafanya kazi, mwili unasikia ukiuomba bila kukata tamaa. Usikubali mtu akufunge ziwa wakati una mtoto anayelia njaa, na usimpe maziwa ya ng'ombe kichanga kwa sababu yapo zizini. Nenda kliniki, sema ukweli wote hata kama unaona aibu. Ningesema mapema asingekonda vile.

Lakini pampu haikunifundisha la kufanya na mama.

Majuzi Bhoke alipata homa. Tulimpeleka, ikaonekana malaria, akaanza dawa. Mama hakuingia ndani kwetu. Ila aliweka kigoda nje ya mlango, akakaa mchana kutwa ametupa mgongo, ulezi haupepeti, ng'ombe hawaangalii. Homa iliposhuka nikatoka nikamwambia, "Mama, amepoa."

Akasema, "Kwa leo."

Akachukua kigoda chake akaenda kukamua ng'ombe.

Ndiyo maana nimewaandikia. Ya maziwa niulizeni nitajibu ninachokijua. Na ninyi mniambie, aliyewahi kuishi na mtu kama huyu: utamrudishaje bibi anayeogopa kumzoea mjukuu wake, kwa sababu moyoni ameshamzika?