Nilimficha Mdogo Wangu Majibu ya Damu Yangu

Nimekosa, jamani. Wa kumsingizia sina.

Mimi ni mwanamke wa Ibra, huku Oman. Mama yetu alikufa kwa saratani ya mifuko ya mayai, ile ya uzazi. Tukasema kadari, tukanyamaza.

Miaka mitatu iliyopita uvimbe ukaniota titini. Nikatibiwa Maskati, nikapona, alhamdulillahi. Daktari akanipima damu, akanambia, "Mama, una jeni yenye kasoro, umeirithi. Ndiyo iletayo saratani hizi mbili, yako na ya marehemu mama yako. Una ndugu wa kike?"

"Mmoja, kaolewa Nizwa."

"Mwambie akapimwe. Asichelewe."

Nyumbani nikasoma kwenye simu kuwa jeni hizi zinajulikana sana kwa Mayahudi. Nikashika hapo hapo! Sisi wenye asili ya Ibra na Unguja, yanatuhusu nini? Na daktari alikwishanambia wazi kuwa zimo kwa watu wa kila asili!

Lakini nisiwadanganye. Binti yangu alikuwa ameposwa. Niliogopa wakwe wasije wakasikia damu yetu ina maradhi, na Rayya, mdogo wangu, hana kifua cha siri. Nikaificha karatasi ya majibu.

Mwaka jana akawa ananipigia. "Dada, tumbo linanijaa, nguo hazinikai."

"Gesi hiyo. Chemsha majani ya zaatari, unywe maji yake."

Ya Rabbi! Zaatari!

Alipopasuliwa, saratani ile ile ya mama imeshatapakaa. Daktari wake akauliza kama yuko aliyepimwa jeni katika familia. Rayya akanigeukia.

"Dada, wewe walikupima?"

"Walinipima."

"Lini?"

Nikamwambia. Wallahi hakunitukana. Alisema tu, "Mimi nina mabinti wawili. Hao utawaambia lini?"

Nikawaambia jioni ile ile.

Binti yangu nikamwambia wiki ile ile. Na wale wakwe niliowaogopa? Mamkwe wake ndiye aliyempeleka kupima! Hakuuliza hata neno. Majibu bado, ya watoto wa Rayya pia bado.

Kila Ijumaa naenda Nizwa. Namkanda miguu, namlisha kijiko kwa kijiko. Hata kunigombeza hawezi. Dawa zimemchosha, na mie sina la kufanya, sina!

Nyie mliopewa karatasi kama yangu, msiifiche. Habari ile si yenu peke yenu. Mpigie nduguyo leo, angali ana nguvu za kukugombeza.