Feni ya Vumbi Kutoka Kitale

Mume wangu alikuwa fundi wa mbao, na kwa miaka mingi alifanya kazi katika karakana ya Mzungu mmoja mjini Kitale. Walitengeneza meza, kabati na vitanda vya walowezi. Mbao nyingine zilishuka kutoka Mlima Elgon, nyingine zilikuwa mvule kutoka upande wa Uganda. Sisi tuliishi katika vyumba vya wafanyakazi nyuma ya karakana, na kila jioni, kabla hajaingia ndani, nilimsimamisha mlangoni nikamkung'uta kwa kitambaa kama mtu anayekung'uta gunia la unga. Siku za mvule alikuja akiwa amevimba macho. Hakulalamika. Alisema mvule ni mti wenye hasira tu.

Ndani ya karakana ile kulikuwa na feni kubwa ya chuma, iliyozungushwa na mkanda wa injini. Ilinyonya vumbi kupitia bomba la bati na kulitupa nje, upande wa mtoni. Lakini mdomo wa bomba ulikuwa mahali pamoja tu, kwenye mashine ya kuranda iliyokuwa karibu na dirisha la ofisi ya bwana. Wanaume waliopiga msasa walikuwa mwisho wa jengo, na huko bomba halikufika. Siku moja mume wangu alitumwa na wenzake aombe bomba liongezwe. Bwana alimwambia, "Nyinyi iko zoea vumbi. Mimi hapana zoea." Mume wangu alinisimulia maneno hayo akiwa anakula, kisha akasukuma sahani kando.

Vita vikuu vya pili vilipokwisha, bwana akaagiza mashine mpya kutoka kwao. Mafundi kadhaa wakaambiwa kazi yao imekwisha, na mume wangu alikuwa mmoja wao. Msumeno wa mashine wa zamani na injini yake ndogo aliruhusiwa kuvichukua badala ya sehemu ya haki yake. Tukarudi nyumbani Mabanga, karibu na Bungoma, katika shamba ambalo baba yake alikuwa amewagawia yeye na mdogo wake. Shemeji yangu alikuwa na nyumba yake upande wa pili wa ua. Kati yetu hapakuwa na ukuta, palikuwa na uwanja wake wa kuanikia mahindi.

Tulijenga karakana ya udongo na mabati, ikiegemea nyumba yetu. Kazi haikuchelewa kuja. Maduka ya Bungoma yalitaka milango, kanisa likataka viti, shule ikataka madawati. Yeye alipasua na kuunga, mimi nikapiga msasa na kupaka vanishi. Mbele za watu nilikuwa mke wa fundi, lakini viti vile vya kanisa vingi vililainishwa na mikono yangu.

Vumbi likatukuta hapo pia. Lilikaa kwenye maziwa, kwenye matandiko, kwenye nywele zangu hata nikifunga kitambaa. Mume wangu akaanza kukohoa asubuhi, kikohozi kikavu kisichotoa kitu. Tukakaa chini tuamue la kufanya.

Njia zilikuwa tatu. Fundi wa bati wa Kanduyi alisema angeweza kutuundia kipuliza, mfano wa kile cha kinu cha posho. Mimi nilitaka tubomoe ukuta wa upande wa upepo, tubaki na paa na nguzo, na msasa tupige nje kabisa. Na kulikuwa na habari kwamba bwana wa Kitale anauza ile feni ya zamani, kwa kuwa mashine mpya zilikuja na feni yake.

"Tubomoe ukuta," nilimwambia. "Upepo hauna injini, hauharibiki."

"Na mvua ikinyesha, mbao ziloe?"

"Tutazifunika."

"Mama watoto, ile feni ilikuwa inanyonya mbele ya ofisi miaka yote, na mimi nameza. Sasa wacha inyonye kwangu."

Nilijua hapo kwamba mashauri yamekwisha. Hakuwa anachagua chombo cha kazi. Alikuwa anadai kitu ambacho alinyimwa, na mtu anayedai hivyo huwezi kumwambia habari za upepo.

Feni ililetwa na lori lililokuwa likitoka Kiminini na mahindi. Watu walikuja kuitazama. Mume wangu aliifunga yeye mwenyewe, akakata mabati, akakunja mabomba, mdomo mmoja kwenye msumeno na mwingine kwenye meza yangu ya msasa. Ile siku aliponiwekea ule mdomo mbele yangu, alitabasamu kama bwana harusi.

Mwisho wa bomba alitaka uelekee nje, kama Kitale. Nje palikuwa na uwanja wa shemeji.

"Ati unga wa mbao uingie kwa mahindi yangu?" shemeji alisema. "Hapana, ndugu. Kaa nayo kwako."

Mume wangu hakupenda ugomvi na mtu aliyezaliwa naye. Akashona mfuko mkubwa wa gunia, akaufunga kwenye mwisho wa bomba, na mfuko wenyewe akauning'iniza ndani, pembeni mwa karakana. Injini ilipowashwa, mfuko ulijaa upepo ukasimama kama ng'ombe aliyevimbiwa. Maranda na unga wa mbao viliingia humo, na sakafu ikabaki safi. Mzee wa kanisa alipokuja kuangalia viti vyake, mume wangu alimwinamisha apitishe kiganja sakafuni.

"Si ni safi, mzee?"

"Ni safi sana," mzee akasema.

Lakini kikohozi hakikuondoka. Kilizidi. Nami nikaanza kukohoa.

Asubuhi moja jua lilikuwa linapenya katika tundu la msumari kwenye bati, na mshale wake ukapita kando ya ule mfuko. Injini ilikuwa inanguruma. Nikaona vumbi jembamba likitoka katika nyuzi za gunia, laini kama moshi, likipanda na kutawanyika karakana nzima. Gunia lilikuwa linazuia lile zito na kutupulizia lile jepesi. Kabla ya feni, lilikuwa likianguka polepole. Sasa halikuanguka, lilizunguka nasi kutwa.

Nilimwita aone. Alitazama.

"Hiyo ni moshi ya injini."

"Moshi wa injini haunuki mvule."

"Unataka nini? Nirudi kumeza kama zamani?"

"Nataka mfuko utoke nje."

"Kwa uwanja wa nani?"

Nilikwenda mwenyewe kwa shemeji. Nikamwambia ndugu yake anaumia kifua. Alikuwa amekaa akipukuchua mahindi, na hakuinua macho. "Shemeji," alisema, "kama kazi inamshinda, si aache."

Dispensari ya Bungoma walitupa dawa ya maji ya kikohozi. Haikusaidia, tukaenda hospitali ya Kitale. Walimuuliza anavuta sigara ngapi. Hajawahi kuvuta hata moja. Walimpima makohozi wakasema si kifua kikuu, wakatupa dawa ileile ya maji.

Tulipotoka hospitalini tulikutana na bwana wake wa zamani, akishuka kutoka garini mbele ya duka. Alimtambua mume wangu, ingawa alimtazama mara mbili, kwa jinsi alivyokonda.

"Wewe sasa mzee," alisema. "Feni yangu nafanya kazi?"

"Inafanya, bwana."

"Vumbi natupa wapi?"

"Kwa gunia, ndani, bwana."

Mzungu akatikisa kichwa. "Ndani mbaya. Weka inje. Mimi hapana ambia wewe?"

"Hukuniambia, bwana."

"Basi weka inje," akasema, akaingia dukani.

Mume wangu alisimama pale mpaka nikamshika mkono. Tulipofika Mabanga alichukua mtaimbo, akatoboa ukuta, akausukuma mfuko nje bila kumuuliza mtu. Alikuwa akipiga pigo moja, anapumzika, anapiga jingine. Shemeji alipiga kelele hadi mzee wa mtaa akaitwa. Mzee wa mtaa akaamua kwamba injini isiwashwe wakati mahindi yako nje, na katika msimu wa kuanika hiyo ilikuwa sawa na kutuambia tusiwashe kabisa.

Haikuwa na maana tena. Alifanya kazi akiwa ameketi, kisha akawa anatazama tu mimi nikifanya, akinielekeza kwa kidole kwa sababu maneno yalimmaliza pumzi. Alifariki katika baridi ya Julai. Jeneza alikuwa amelitengeneza rafiki yake wa Kitale, mmoja wa wale wapiga msasa, naye alikohoa makaburini mpaka padri akasimamisha sala amsubiri.

Matanga yalipokwisha, shemeji alikuja na vijana na mkokoteni. Akachukua injini, msumeno na feni.

"Mwanamke na injini, wapi na wapi?" alisema. Wazee wa ukoo walikuwa wamekaa pale wakinywa chai yangu. Nilisema kwamba nusu ya kazi ya karakana ile ilikuwa yangu. Mmoja aliniambia nisiongee nikiwa na uchungu wa msiba.

Shemeji alifungua karakana Kanduyi, kando ya barabara. Moyo wangu haukumpenda, lakini alikuwa na mke na watoto wadogo, na watoto hawakuwa na kosa. Nikaenda kwa miguu kumwonya. Nilikuta injini inanguruma. Mfuko ulikuwa nje, mbali, umeelekezwa barabarani, na bomba refu jipya likiufikia.

"Nilikuja kukwambia usiuweke ndani," nilisema.

"Siwezi kuweka ndani, shemeji. Mimi si mjinga. Si nilikuwa naona?"

"Ulikuwa unaona nini?"

"Ile vumbi. Ilikuwa inatoka kwa dirisha yenu kama moshi. Kila mtu alikuwa anaona."

Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayezungumzia mvua ya mwaka jana, kisha akanikaribisha chai. Nilikataa. Nilikuwa na viti vya kumalizia, na bado nilipaswa kupitia sokoni kununua msasa.