Samaki wa Moshi na Kifua cha Winchi

Siku niliyoripoti kazini, ofisi ya afya pale Mirongo, Mwanza, nilikuwa nimepiga viatu rangi mpaka jogoo akajiona humo akataka ugomvi. Cheti changu nilikipata shule ya usiku, mchana nikiosha magari, na siku ile nilikibeba mkononi bila bahasha ili njia nzima ikione. Bwana Afya Mkuu alikisoma mbele na nyuma, akawasha sigara.

"Kijana, kazi yako ni kuwaambia watu waache hii," akasema. Akavuta kwanza. "Mimi usinihesabu. Mimi ni bosi wako."

Vijana mnaoingia idarani leo mnakuta kila kitu kina jina. Mnasema magonjwa yasiyoambukiza: presha, sukari, moyo, saratani, kifua kinachobana, yale yasiyoruka kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu bali hujijenga polepole mwilini. Enzi zetu Bwana Afya alijulikana kwa vyoo na kipindupindu tu. Ukimwambia mwenye nyumba umekuja kwa ajili ya sigara, alikupeleka chooni kwake, akidhani umesahau ulichofuata.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mabatini. Kila duka lilikuwa na kiberiti cha gesi kimening'inizwa dirishani kwa kamba, mteja anunue sigara moja aiwashe palepale, hata akiwa ni mtoto aliyetumwa na baba yake. Niliviondoa viberiti vile kwa mdomo wangu huu, bila askari. Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye duka la vitambaa na sigara, alinikabidhi chake akasema, "Chukua, Bwana Afya, lakini kamba niachie. Kamba haina kosa."

Kisha akaja Mganga Mkuu wa Wilaya, mama mfupi mwenye sauti ya king'ora, akanihamishia mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki. Hapo ndipo nilipokutana na Masalu.

Masalu alikuwa kiongozi wa wabebaji, na wote walimwita Winchi. Alibeba mizigo ambayo punda angeomba likizo. Alivuta sigara tangu alfajiri, na akikohoa, nakuapieni, mbwa wa Ukerewe walijibu. Ila nilikuwa nimeona jambo. Katikati ya ngazi za kupandia barabarani alikuwa ameanza kusimama, anainama na gunia kichwani akijifanya anakaza kamba za viatu. Naye alikuwa amevaa ndala. Mbebaji anayesimama njiani hudumu muda mfupi, tajiri wa samaki humtafuta mwingine, na nyumba nzima ya Winchi ilikula kwenye mabega yale.

Nikakusanya watu, nikatundika picha ya mapafu, nikahutubia kama waziri. Nilipomaliza Winchi akanyanyua sangara mmoja aliyekaushwa kwa moshi, mweusi, mkavu.

"Bwana Afya, huyu ana muda gani?"

"Huenda mwezi."

"Ameoza?"

"Hajaoza."

"Na yule mbichi pale, aliyekosa moshi, kesho atakuwaje?"

"Atanuka," nikasema, nikijua tayari nimekwisha.

"Basi! Moshi unahifadhi nyama. Mimi najihifadhi!"

Mwalo mzima ulilipuka. Walinisindikiza na picha yangu kwa vigelegele kama bwana harusi. Msicheke, kwa watu wanaoishi kwa samaki ile ilikuwa hoja nzito, na shule ya usiku haikunipa jibu lake.

Mganga Mkuu alinisikiliza, akafungua kabati, akatoa kipima pumzi. Hiki ni kibomba cha plastiki chenye mshale pembeni. Unavuta hewa, unapuliza kwa nguvu, mshale unakimbia kuonyesha kifua kinasukuma kiasi gani.

"Wewe ulikwenda kubishana," akasema. "Watu wa mwaloni hawabishaniwi, bwana. Washindanishe."

Kumbe mama yule aliwajua. Nilipotangaza mashindano ya kupuliza, kila mpulizaji na kipande chake kipya cha mdomoni, foleni ilikwenda mpaka majini. Wabebaji wakapuliza, wavuvi wakapuliza. Winchi akaja mwisho, kifua mbele, akapuliza mpaka macho yakamtoka. Mshale ukasogea kidogo, ukakaa.

"Kibovu hiki!" akafoka.

"Lete nijaribu," akasema Mama Kasiri, mwanamke mwembamba anayeanika dagaa mchangani, aliyemzidi Winchi umri. Akapuliza. Mshale ukampita Winchi, ukaendelea na safari zake.

Watu walianza kucheka, lakini Mama Kasiri hakucheka. "Masalu mwanangu," akasema, "samaki wa moshi kwanza anakufa, halafu anapasuliwa tumbo. Ndiyo maana haozi. Wewe bado uko hai, unajikausha kwa nini?"

Winchi akaondoka. Kesho yake alikuja Mirongo, akakaa mbele ya meza yangu, akatazama sakafu. "Nifundishe kupuliza."

"Hakuna somo la kupuliza. Kuna kuacha sigara tu."

"Yule mama nitamshinda?"

"Sijui," nikamwambia. "Mapafu hayarudi kuwa mapya. Lakini ukiacha, yanapumua kuliko sasa, na hayakimbilii kuharibika."

Akaacha, akarudia, akaacha tena. Wenzake walimwashia za bure, yeye akatafuna mihogo mibichi mpaka wauza mihogo wakapandisha bei. Kila siku ya gulio alidai kibomba. Hakumshinda Mama Kasiri hata mara moja, na mama alihakikisha Winchi anajua. Lakini zile kamba za ndala, hakuinama tena kuzikaza.

Nimewapima presha watu wengi kuliko mawe ya Mwanza, na nimetumikia mabosi wenye vyeo virefu kuliko mkutano wa bajeti. Yule wa kwanza, Bwana Afya Mkuu, aliacha sigara kabla ya kustaafu, akasema ni kwa hiari yake. Nami nikakubali. Mkiniuliza kazi hii ni nini, nawaambia ni kujua mtu anajivunia nini, halafu kuanzia hapohapo.

Siku ya kuniaga ofisi ilinizawadia kiti cha mninga, kizito kama kiboko. Nyumba yangu iko juu Mabatini, kule kwenye mawe, gari halifiki. Nikamwona Winchi, mvi kichwani, anajiviringishia kata ya kubebea mzigo kichwani.

"Masalu, acha vijana wabebe."

"Tangulia, Bwana Afya."

Nikatangulia. Akanipita kwenye jiwe la pili. Nilipofika juu, natweta, mkono kiunoni, nikamkuta amekiweka kiti mlangoni na amesimama pembeni yake.

"Kaa kwanza," akasema. "Nikuletee kile kibomba?"