Picha ya baba imekubaliwa

Mama amethibitisha mchana huu, nyumbani Malolo: mtu aliye kwenye picha ni mume wake.

Msicheke. Ya kwanza aliikataa.

Niliagiza mtandaoni, ikatoka Dar. Karatasi nzuri, rangi safi. Ila walimng'arisha marehemu baba uso hadi akawa mweupe, na kovu la kwenye paji wakalifuta.

Mama aliitazama akauliza, "Na huyu mgeni tumpikie chai?"

Akasema haitaingia kanisani. Na ibada ya kuweka msalaba kwenye kaburi la baba ni Jumamosi.

Leo asubuhi nikaenda studio moja ya Mikumi na picha halisi kwenye flashi.

"Usimguse uso," nikamwambia fundi.

"Kaka, wateja wote wanataka weupe."

"Huyu hakuwahi kuutaka."

Akacheka, akaprinti kama ilivyo.

Mama ameishika, akapitisha kidole kwenye kovu. Nilikuwa tayari kurudi Mikumi.

"Ndiye," akasema. "Hata hasira zake zipo."

Nani mwingine amewahi kuletewa mgeni kwenye fremu? Semeni hapo chini.

Ibada ni Jumamosi saa tatu asubuhi, hapa Malolo. Baba atakuwepo, na kovu lake.